Eiffel na mtihani uliomfungia mlango

Neno mtihani lilitufikia kutoka Kiarabu, na tangu lilipokita mizizi katika Kiswahili limebeba maana mbili. Mwanafunzi anaposema kwamba ana mtihani, huwa anazungumzia karatasi ya maswali. Mjane anaposema kwamba amepata mtihani, hana karatasi yoyote mbele yake. Anazungumzia taabu iliyomshukia ili kuipima subira yake. Sisi tunaofundisha isimu hupenda kulitumia neno hili darasani kama mfano wa jinsi maana inavyopanuka. Hata hivyo, kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, naona maana hizo mbili zikirudi kuwa moja. Kwa vijana wengi, na hasa wale waliokuwa wameweka nia ya kusomea uhandisi wa ujenzi, karatasi yenyewe huwa ndiyo taabu.

Kwa ajili ya vijana hao na walimu wao, nimeona vyema leo nisimulie maisha ya mtu ambaye jina lake linafahamika hata na mtoto wa shule ya msingi, lakini ambaye ni wachache wajuao kwamba mtihani wa kuingilia uhandisi ulimkataa. Mtu huyo ni Gustave Eiffel wa Ufaransa.

Alizaliwa katika mji wa Dijon tarehe 15 Desemba 1832. Ukoo wake uliitwa Bonickhausen. Babu wa babu zake alitoka Ujerumani mapema katika karne ya 18, na kwa kuwa ndimi za Wafaransa ziliona taabu kulitamka jina lile, familia ikajiongezea jina la vilima vya kwao, yaani Eifel. Mnamo 1880 Gustave aliliacha jina la kwanza kisheria na kubaki na la pili. Basi mnara ambao ulimwengu mzima huutambua kuwa alama ya Ufaransa unaitwa kwa jina la vilima vya Ujerumani, na chanzo chake ni ugumu wa matamshi tu. Nalitaja jambo hili kwa kuwa ni la fani yangu, nami siwezi kulipita bila kulisalimu.

Baba yake alikuwa amewahi kuwa askari. Mama yake, Catherine-Mélanie, alikuwa mfanyabiashara hodari wa makaa, na ndiye aliyeitajirisha familia. Shuleni Dijon kijana huyu hakuwa nyota. Masomo yalimchosha kwa muda mrefu, hadi miaka miwili ya mwisho alipopata walimu wa historia na fasihi waliomwamsha. Akafaulu mitihani ya kumaliza shule, wa fasihi na wa sayansi pia. Walimu wenzangu wa lugha na historia, ambao mara nyingi huambiwa kwamba masomo yao hayajengi madaraja, na wauweke mfano huu akibani.

Mwaka 1850 alipelekwa Paris, katika chuo cha Sainte-Barbe, kujiandaa kwa mtihani wa kuingia École Polytechnique. Hapa inafaa nieleze uzito wa mtihani huo. École Polytechnique ilianzishwa mwaka 1794, na ndiyo iliyokuwa lango la utumishi wa serikali kwa wahandisi. Wahitimu wake bora waliendelea hadi shule ya madaraja na barabara, École des Ponts et Chaussées, iliyokuwapo tangu 1747. Aliyetaka kuwa mhandisi wa madaraja wa dola hakuwa na njia kubwa kuliko hiyo. Mtihani wenyewe ulitawaliwa na hisabati, na mtahiniwa alitakiwa pia kusimama ubaoni mbele ya watahini na kufafanua hoja zake kwa kinywa. Tena ulikuwa wa kushindania nafasi. Nafasi zilikuwa zimehesabiwa, na haikutosha kwamba kijana anajua; ilibidi ajue kuwashinda wengine. Mwanafunzi wa Kenya anayeomba nafasi ya uhandisi anaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa zaidi.

Eiffel alijiandaa kwa muda wa miaka miwili. Hakupata nafasi.

Kwa bahati, Paris ilikuwa na mlango mwingine. Mwaka 1829 wanasayansi na tajiri mmoja walikuwa wamefungua chuo cha binafsi, École Centrale des Arts et Manufactures, ili kuwafunza wahandisi wa viwanda na makampuni badala ya wale wa serikali. Eiffel aliingia huko mwaka 1852 na kuchagua kemia. Uchaguzi huo ulikuwa na sababu ya nyumbani: mjomba wake, Jean-Baptiste Mollerat, alikuwa na kiwanda cha kemikali karibu na Dijon, na ilidhaniwa kwamba kijana angekwenda kukifanyia kazi. Kabla hajamaliza masomo ukazuka ugomvi katika familia, na tumaini hilo likayeyuka. Alipohitimu mwaka 1855, akiwa na umri wa miaka 22, Eiffel alikuwa kijana aliyekosa nafasi katika njia kuu ya uhandisi wa madaraja, na mwenye shahada ya kemia asiyekuwa na kiwanda cha kemia kinachomngoja.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii haijapata kumfaa mtu kuliko huyu, kwani alikwenda kweli kuwa mhunzi. Alianza kwa kujifunza bila mshahara katika kiwanda cha chuma kilichosimamiwa na shemeji yake. Kisha akaajiriwa na Charles Nepveu, mhandisi wa reli, kama karani wake. Ni Nepveu aliyemwingiza katika ujenzi wa daraja la reli la Bordeaux, lenye urefu wa takriban mita 500. Kazi ilianza mwaka 1858. Nguzo zilipaswa kusimikwa katika mto wenye kina na mkondo mkali, na mafundi walitumia hewa iliyoshindiliwa kuyazuia maji yasiingie walipokuwa wakichimba msingi. Nepveu alipoondoka, usimamizi ulimwangukia Eiffel, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30. Daraja lilikamilika mwaka 1860.

Tangu hapo chuma hakikumwacha. Mwaka 1866 alikuwa na karakana zake mwenyewe Levallois, nje kidogo ya Paris. Mwaka 1877 kampuni yake ilikamilisha daraja la Maria Pia huko Porto, Ureno, lenye tao la mita 160. Mwaka 1884 ikamaliza daraja la Garabit kusini mwa Ufaransa, lenye tao la mita 165, na reli yake ikapita mita 122 juu ya mto. Hata Sanamu ya Uhuru iliyozinduliwa New York mwaka 1886 imesimama juu ya kiunzi cha chuma kilichobuniwa katika ofisi yake.

Hapana budi msomaji ajiulize: je, mtihani ulikosea? Kazi zote hizo zinahitaji hisabati, na hisabati ndiyo iliyoutawala mtihani uliomkataa. Mimi siamini kwamba ulikosea. Ulipima ulichokusudia kupima, na ukabaini kwamba wako vijana waliomzidi katika ufundi huo. Ule usioweza kuupima ni uwezo wa mtu kuyajua mapungufu yake na kuwatafuta wa kuyaziba. Tao la Porto lilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mshirika wake, Théophile Seyrig. Mahesabu mazito yalifanywa baadaye na Maurice Koechlin, aliyefunzwa Zurich na Karl Culmann, mmoja wa mabingwa wa nadharia ya miundo. Hata wazo la mnara halikuwa lake: mwaka 1884 Koechlin na mwenzake Émile Nouguier walichora nguzo kubwa ya chuma yenye kimo cha mita 300, naye mwanzoni hakuonyesha hamu nayo. Msanifu Stephen Sauvestre alipoupamba mchoro huo ndipo Eiffel alipoukumbatia, akanunua haki za hataza kutoka kwa vijana wake, na kuupigania kwa nguvu zake zote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ni haki kulisema hili, kwa sababu mnara una jina moja ilhali mikono ilikuwa mingi.

Isitoshe, miaka miwili ya Sainte-Barbe haikupotea. Mtu asiyejua hisabati kabisa hawezi kumtambua ajuaye zaidi, wala hawezi kumwamini kiasi cha kutia mali yake yote katika mahesabu yake. Maandalizi ya mtihani yalimpa Eiffel lugha ya kusemezana na mabingwa. Hilo ni faida hata kwa aliyekosa nafasi.

Ujenzi ulianza Januari 1887. Vipande zaidi ya 18,000 vya chuma vilichongwa karakanani na kuunganishwa kwa ribiti milioni 2.5. Waandishi na wasanii mashuhuri, akiwemo Guy de Maupassant, walichapisha barua ya kuulaani kuwa ni doa katika jiji lao. Tarehe 31 Machi 1889 ulikuwa umekamilika, jengo refu kuliko yote duniani wakati huo.

Kwenye kuta za ghorofa ya kwanza Eiffel aliagiza yaandikwe majina 72 ya wanasayansi na wahandisi, 18 kila upande. Yamo majina ya Cauchy, Navier, Poisson, Fresnel, Arago na Coriolis. Hao wote walipita katika École Polytechnique. Mtu aliyekataliwa na shule ile aliwainua wahitimu wake angani ili kila mpita njia awasome. Hakukuwa na kinyongo. Aliijua thamani ya elimu yao, na mnara wake ulisimama juu ya nadharia zao.

Lakini orodha hiyo ina pengo. Majina yote 72 yalikuwa ya wanaume. Halikuwamo jina la Sophie Germain, ambaye mwaka 1816 alituzwa na Chuo cha Sayansi cha Paris kwa utafiti wake juu ya mitetemo ya mabamba yanayopindika na kurudi hali yake, elimu iliyo jirani kabisa na ile ya kujengea vyuma. Germain alikuwa na umri wa miaka 18 École Polytechnique ilipofunguliwa. Hakushindwa mtihani wake. Hakuruhusiwa kuukaribia, kwa kuwa alikuwa mwanamke. Alijipatia maandishi ya mihadhara na kuwasilisha kazi yake kwa jina la mwanamume, Le Blanc. Shule hiyo haikupokea wanawake hadi mwaka 1972. Eiffel alifungiwa mlango mmoja akaonyeshwa mwingine. Germain hakuonyeshwa wowote.

Taabu iliyo kubwa zaidi kwa Eiffel ilikuja baada ya ushindi. Mwaka 1887 alikuwa amepewa kandarasi ya malango ya maji ya Mfereji wa Panama. Kampuni ya mfereji ilifilisika mwaka 1889, wananchi wengi wakapoteza akiba zao, na mwaka 1893 mahakama ikamhukumu Eiffel kifungo cha miaka miwili na faini. Hukumu hiyo ilitanguliwa na mahakama ya juu kwa kuwa muda wa kisheria wa kushtaki ulikuwa umepita. Aliachana na biashara ya ujenzi. Angeweza kukaa akiuguza jeraha lake. Badala yake alirudi kuwa mwanafunzi akiwa na umri wa miaka 60 na zaidi: akaangusha vitu kutoka mnarani ili kuupima ukinzani wa hewa, na mwaka 1909 akajenga maabara ya kuvumisha upepo kwa mashine, ambayo matokeo yake yaliwafaa waundaji wa ndege za mwanzo. Mnara wenyewe, ulioruhusiwa kusimama kwa miaka 20 tu, uliokolewa na mitambo ya mawasiliano ya redio ambayo aliunga mkono iwekwe kileleni. Alifariki tarehe 27 Desemba 1923, mwenye umri wa miaka 91.

Wako watakaochukua maisha haya na kuwaambia wanafunzi kwamba mitihani haina maana, kwani hata Eiffel alishindwa. Huo ni upotoshaji. Eiffel alikuwa na mama mwenye mali ya kumlipia karo, shemeji mwenye kiwanda, na jiji lenye chuo cha pili kilichoheshimika. Mwana wa mkulima wa Mwingi au wa mvuvi wa Lamu akikosa alama za uhandisi hana hayo. Kumwambia ajipe moyo bila kumwonyesha pa kwenda ni sawa na kumpa msafiri ramani isiyo na barabara.

Kwa hiyo neno langu kwa wanafunzi ni hili: jiandaeni kwa dhati, kwa sababu mtakachojifunza kitabaki nanyi hata nafasi ikienda kwa mwingine. Kwa walimu: msimfundishe mtoto kukariri majibu ya karatasi za miaka iliyopita tu, maana yeye ataulizwa na mto, si na mtahini. Na kwa wenye mamlaka: njia ya kutoka chuo cha ufundi, kupitia cheti na stashahada hadi shahada ya uhandisi, isiwe ndefu na ya gharama hata ikawa adhabu kwa aliyeteleza siku moja ya Novemba.

Neno mhandisi nalo lilitoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Mhandisi basi ni mpimaji. Taifa linalotaka wapimaji wazuri linapaswa kuwa na zaidi ya kipimo kimoja cha kuwapimia.