Annette Kellermann na vazi la kuogelea

Annette Kellermann alizaliwa tarehe 6 Julai 1886 katika mtaa wa Marrickville, mjini Sydney, nchini Australia. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya muziki. Baba yake, Frederick, alipiga fidla. Mama yake, Alice Charbonnet, mwenye asili ya Kifaransa, alikuwa mpiga piano na mwalimu wa piano. Mtoto wa kike katika nyumba ya namna hiyo angetazamiwa kukaa mbele ya piano na kuwafurahisha wageni. Huyu alikuwa na shida nyingine kabisa. Miguu yake ilikuwa dhaifu na yenye matege, akafungwa vyuma ili inyooke. Kutembea kulimuumiza, na kukimbia na wenzake hakukuwezekana.

Alipofikia umri wa miaka sita wazazi wakampeleka kujifunza kuogelea katika mabwawa ya ukoo wa Cavill, watu waliojulikana Sydney nzima kwa kazi hiyo. Lengo halikuwa mchezo, bali tiba. Maji hubeba uzito wa mwili, na mguu usioweza kumhimili mtu nchi kavu unaweza kufanya kazi ndani yake bila kuvunjwa na mzigo. Mwanzoni mtoto aliogopa, tena sana. Lakini alipofika miaka kumi na mitatu miguu yake ilikuwa karibu sawa na ya wengine, na miaka miwili baadaye alikuwa anajua mitindo yote ya kuogelea. Mwaka 1902 alishinda ubingwa wa wanawake wa jimbo la New South Wales katika yadi 100 na pia katika maili moja.

Mwaka huohuo familia ilihamia Melbourne, ambako mama yake alifundisha muziki katika shule ya wasichana ya Mentone na binti akasoma hapohapo. Fedha ilikuwa chache. Annette akaanza kujionyesha kwa malipo: alipiga mbizi katika mabwawa ya mji, akaogelea pamoja na samaki ndani ya tangi la vioo, akaigiza nguva. (Nguva huyu wa Wazungu ni mwanamke mwenye mkia wa samaki, msomaji wa Lubumbashi atamkumbuka mamba-muntu wa picha za kuchorwa, ingawa yule wetu ana mambo yake mengine.) Mwaka 1903 alikuwa akiruka majini jukwaani katika mchezo wa kuigiza kwenye ukumbi wa Theatre Royal. Tangu hapo michezo na maonyesho havikuachana tena katika maisha yake. Wanaomwandika kama mwanamichezo tu, au kama mrembo wa mabango tu, humkata vipande viwili.

Mwaka 1905 baba na binti walipanda meli kwenda Uingereza. Huko hakuna aliyemjua. Aliogelea katika mto Thames, maili nyingi katikati ya mashua, makaa na uchafu wa London, mpaka magazeti yakamwona. Gazeti la Daily Mirror likamdhamini, na mwezi Agosti mwaka huo akaingia kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, mwanamke wa kwanza kujaribu kuuvuka kwa kuogelea. Alijaribu mara tatu na mara zote alishindwa. Hadi wakati huo ni mwanamume mmoja tu, Matthew Webb, aliyekuwa ameuvuka, mwaka 1875. Lakini kuna jambo moja katika masimulizi yake ambalo naona lina uzito kuliko kushindwa kwenyewe: wanaume waliojaribu waliogelea uchi, wamejipaka mafuta, naye alilazimika kuvaa nguo, nayo ikamchuna ngozi ya makwapa kwa saa nyingi katika maji ya chumvi. Kwa hiyo swali la vazi lilianzia kwenye kidonda, kabla halijawa swali la urembo.

Ulaya ilimpa ushindi mwingine. Mjini Paris alishindana na wanaume katika mto Seine na akamaliza miongoni mwa wa kwanza. Mwaka 1906, katika mto Danube, alimshinda mwogeleaji wa Austria, Isa Cescu, katika mashindano ya kilometa 36 hivi hadi Vienna. London ilimwalika aogelee mbele ya watu wa ukoo wa kifalme katika klabu moja ya heshima, lakini kwa sharti: miguu mitupu isionekane. Yeye alikuwa na vazi la kuogelea la wanaume, lenye kubana mwili na kuishia juu ya magoti. Akanunua soksi ndefu nyeusi na kuzishona kwenye vazi hilo, likawa kitu kimoja kutoka shingoni hadi vidoleni. Sharti lilitimizwa, hakuna ngozi ya mguu iliyoonekana. Umbo la mguu, hata hivyo, lilionekana lote. Ni jibu la mtu aliyesoma sheria neno kwa neno, na sisi wa kitivo cha lugha tunapaswa kuliheshimu.

Ili kuelewa kwa nini soksi hizo zilileta kelele, lazima kukumbuka wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa nini majini wakati ule. Walivaa gauni la sufu au kitambaa kizito lenye mikono, chini yake suruali pana, kisha soksi, viatu na kofia. Sufu hunywa maji. Mwanamke aliyeingia baharini na mavazi hayo hakuweza kupiga miguu, na kama wimbi lilimchukua, nguo zake zilikuwa adui wa pili. Ndiyo maana wengi walishika kamba iliyofungwa ufukoni na kurukaruka pale pale. Katika kitabu chake cha kufundisha kuogelea, kilichotoka mwaka 1918, Kellermann aliyagawa mavazi ya kuogelea katika aina mbili: yale yanayofaa kwa maji, na yale yasiyofaa mahali pengine isipokuwa nchi kavu.

Kutoka London alikwenda Marekani, akafanya maonyesho katika bustani za starehe za Chicago kisha za Boston. Na hapa tunafika kwenye kisa ambacho kila mtu anayelitaja jina lake hukisimulia. Inasemwa kwamba mwaka 1907, katika ufuko wa Revere karibu na Boston, aliingia majini akiwa na vazi lake la kipande kimoja, polisi wakamkamata kwa kosa la kuvunja adabu, akafikishwa mbele ya hakimu, akajitetea kwamba kuogelea ni afya na kwamba gauni zito ni sawa na minyororo, hakimu akamwachilia kwa sharti ajifunike joho mpaka afike kwenye maji.

Ni kisa kizuri mno. Waliokitafuta katika magazeti ya mwaka ule na katika karatasi za mahakama hawakukipata, na kinajulikana hasa kutoka kinywani mwake mwenyewe, miaka mingi baadaye, alipokuwa mtu mzima aliyezoea kuhojiwa. Mwanamke maarufu akikamatwa akiwa nusu uchi mwaka 1907, gazeti gani la Boston lingenyamaza? Mimi sioni sababu ya kumwita mwongo. Inawezekana kulitokea jambo dogo, askari kumkemea, umati kupiga kelele, na mdomo wa jukwaani ukalikuza mwaka hadi mwaka. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanajua jinsi kisa kinavyonenepa kila kinaposimuliwa mbele ya hadhira inayokitaka. Lakini tofauti kati ya kisa na ushahidi ibaki wazi, maana hukumu ile haitoshi kueleza mabadiliko makubwa hivyo. Fuko za Marekani hazikufunguka siku moja: mwaka 1922 bado mjini Washington kulikuwa na askari aliyepima kwa futi umbali kati ya goti la mwanamke na ncha ya vazi lake.

Kilichofanya kazi zaidi ni maonyesho ya kila siku. Maelfu ya watu walilipa kiingilio wakamwona akiruka na kuogelea, mara nyingi kwa siku, na jicho likazoea. Mwaka 1908 Dudley Sargent, mkuu wa mazoezi ya viungo katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye alikuwa amepima miili ya maelfu ya wanawake, alitangaza kwamba huyu ndiye mwanamke aliyeumbika kikamilifu, kwa kuwa vipimo vyake vilikaribiana na vya sanamu ya Venus wa Milo. Sanamu hiyo, kama ajuavyo aliyepita Louvre, haina mikono. Hilo halikuwazuia wenye matangazo. Jina la mwanamke mkamilifu likabandikwa kwenye kila bango, na yeye akalitumia kuuza tiketi, mihadhara ya afya, na baadaye mavazi ya kipande kimoja yaliyoitwa kwa jina lake.

Hapa wengine humlaumu, na lawama ina haki yake. Aliyepigania mwili wa mwanamke uwe huru majini ndiye aliyekubali mwili huo upimwe kwa utepe na kuuzwa kama kielelezo, na kitabu chake kingine cha mwaka 1918 kinawafundisha wanawake namna ya kuutunza uzuri. Lakini hakusahau jinsi mambo yalivyoanza. Katika mihadhara yake alirudia kwamba alizaliwa na miguu mibovu na kwamba uzuri ule ulitengenezwa kwa mazoezi. Kwa msichana mwenye vyuma miguuni aliyekaa ukumbini, maneno hayo hayakuwa tangazo la biashara tu.

Mwaka 1912 aliolewa na meneja wake, James Sullivan. Mwaka huohuo, katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, wanawake waliruhusiwa kushindana kuogelea kwa mara ya kwanza, na Waaustralia wawili, Fanny Durack na Mina Wylie, wakachukua nafasi ya kwanza na ya pili katika mita 100. Kellermann hakuwa nao. Aliyekula fedha za jukwaa hakuwa tena mwanamichezo wa ridhaa.

Yeye alikuwa ameshika sinema. Mwaka 1914 alitokea katika Neptune's Daughter, iliyopigwa Bermuda, ambako tangi la vioo lilipasuka yeye akiwa ndani pamoja na mwongozaji Herbert Brenon, wakajeruhiwa wote wawili. Mwaka 1916 ikafuata A Daughter of the Gods, ya kampuni ya Fox, iliyopigwa Jamaica na kutangazwa kuwa imegharimu dola milioni moja. Ndani yake alionekana bila nguo, nywele ndefu zikimfunika, jambo ambalo hakuna mwigizaji mkubwa wa Marekani aliyekuwa amelifanya. Hakutaka mtu mwingine aruke kwa niaba yake, hata kutoka urefu wa mita 28. Filamu hiyo imepotea. Zimebaki picha za mnato. Kati ya filamu zake ndefu, inayojulikana kuwapo nzima ni moja, Venus of the South Seas ya mwaka 1924. Sinema bubu zilipokwisha, yeye pia alitoka kwenye sinema. Mwaka 1926 Mmarekani Gertrude Ederle aliuvuka ule mlango wa bahari, mwanamke wa kwanza kufanikiwa, kwa muda mfupi kuliko wanaume wote waliomtangulia.

Sehemu iliyobaki ilikuwa tulivu. Alikuwa mtu asiyekula nyama, na kwa muda aliendesha duka la vyakula vya afya huko Long Beach, California. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Australia, akiandaa maonyesho ya kusaidia Msalaba Mwekundu na kuwaburudisha askari. Mwaka 1952 Hollywood ilitengeneza filamu ya maisha yake, Million Dollar Mermaid, Esther Williams akiigiza nafasi yake. Kukamatwa kule Boston kumo, pamoja na mahakama, na kwa watazamaji wengi suala likawa limekwisha.

Alirudi Australia kuishi mwaka 1970. Mwaka 1974 aliingizwa katika orodha ya heshima ya waogeleaji wa dunia, iliyoko Florida. Akaendelea kuogelea hata alipokuwa mzee sana. Alifariki tarehe 6 Novemba 1975 huko Southport, jimbo la Queensland, akiwa na umri wa miaka 89, na majivu yake yakatawanywa baharini, kwenye miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef. Mavazi yake ya jukwaani aliyaachia jumba la opera la Sydney. Leo yamehifadhiwa katika makumbusho ya Powerhouse, mjini humohumo alikojifunza kutembea.