Askofu Kivengere: Ushuhuda haukuchukua nafasi ya Neno

HAYATI Askofu Festo Kivengere wa Uganda aliwahi kuvuka mpaka usiku kwa miguu, akiacha nyumba na kanisa nyuma yake. Wenyeji wa Rumonge na Nyanza-Lac waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, na wengine miaka ya 1990, hawahitaji kuelezwa safari ya namna hiyo. La kujifunza kwake ni jinsi alivyoisimulia mimbarani.

Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika familia ya wafugaji. Akiwa mwalimu kijana, aliokoka katika uamsho uliotokea Gahini, Rwanda. Uamsho huo ulifika pia Burundi kupitia vituo vya Anglikana vya Buhiga na Matana.

Walokole walijulikana kwa ushuhuda. Kila mmoja alisimama akaeleza alivyokuwa na alivyobadilika. Hatari yake ilikuwa kwamba msikilizaji angeweza kurudi nyumbani akikumbuka visa vya msemaji na kusahau somo la siku. Ndiyo maana viongozi kama Dk. Joe Church wa Gahini walisisitiza kujifunza Biblia pamoja.

Mwaka 1946 Kivengere alihamia Dodoma kufundisha shule. Mwaka 1960, mhubiri wa Marekani Billy Graham alipofika Tanganyika, Kivengere ndiye aliyemtafsiria.

Katika mahubiri yake mwenyewe alisimulia mengi, lakini mara nyingi mkosaji katika kisa alikuwa yeye. Alieleza jinsi siku moja alivyomkasirikia mkewe, Mera, kisha akataka kwenda kwenye ibada kana kwamba hakuna kitu. Dhamiri ilimrudisha nyumbani kuomba msamaha kwanza. Waliomsikiliza hawakuondoka wakimsifu mhubiri, bali wakijipima wenyewe.

Mwaka 1972 alikuwa Askofu wa Kigezi. Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na Mera walivuka milima kuingia Rwanda.

Akiwa uhamishoni alijikuta anamchukia Amin. Ijumaa Kuu ya mwaka huo aliingia kanisani London, likasomwa lile neno la Luka sura ya 23, Yesu akiwaombea msamaha waliomsulubisha. Neno hilo lilimgusa, akaona kwamba naye hana budi kusamehe. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake linatamka kwamba anampenda Amin. Hata hivyo hakuficha mauaji. Aliendelea kuyaeleza waziwazi.

Hapo ndipo ulipo mzani wake. Angeweza kusimulia milima, giza na hofu, wasikilizaji wakalia, akaketi. Lakini kisa chake kiliishia kwenye andiko, na andiko ndilo lililomhukumu yeye kabla ya kumhukumu adui.

Jambo hili si dogo kwa makanisa ya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mhubiri aliyekulia Ulyankulu au Mtabila ana mengi ya kusema, na ana haki ya kuyasema. Lakini katika benchi moja huenda wameketi aliyerudi kutoka ukimbizini na aliyelima shamba lake miaka yote hiyo, na kesi yao haijaisha. Wapo pia wafanyabiashara wa ndagala na mawese, wanaohitaji kuaminiana kutoka Kigoma hadi Uvira. Kisa kilichoachwa bila Neno kinaweza kuamsha kisasi. Nalo Neno likisomwa bila kugusa maisha yao, kila mmoja atadhani linamhusu jirani.

Amin alipoangushwa mwaka 1979, Kivengere alirejea Kigezi akaendelea na uaskofu, akihubiri msamaha kwa watu walioyaona mauaji yale kwa macho yao. Alifariki dunia Nairobi, Mei 18, 1988.