Alfred Marshall (1842–1924) na Muda wa Soko

Alfred Marshall alizaliwa Bermondsey, London, tarehe 26 Julai 1842. Baba yake, William, alikuwa mfanyakazi wa Benki Kuu ya Uingereza, mkali na mshika dini. Alimsomesha mwanawe Kiebrania hadi usiku na kumkataza kucheza sataranji. Alitaka kijana aende Oxford, ambako angepata ufadhili, asome lugha za kale, kisha awe kasisi. Marshall alipenda hisabati, somo ambalo baba yake hakulielewa. Akaukataa ufadhili. Ami yake Charles, aliyekuwa amepata mali huko Australia, alimkopesha fedha za kusoma Cambridge. Mwaka 1865 alimaliza hisabati akiwa wa pili katika mwaka wake. Wa kwanza alikuwa John William Strutt, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Uchumi ulimpata kwa njia ya miguu. Wakati wa likizo alitembelea mitaa ya maskini katika miji mbalimbali, akitazama nyuso za watu na kujiuliza kama umaskini ni lazima uwepo. Kwa kujibu swali hilo alianza kusoma kwa bidii namna bei, mishahara na faida zinavyopatikana.

Mwaka 1877 alimwoa Mary Paley, mmoja wa wanawake wa mwanzo kusoma Newnham, Cambridge. Kanuni za wakati ule hazikumruhusu mhadhiri wa ngazi yake kuoa, hivyo alipoteza nafasi yake chuoni. Wakahamia Bristol, ambako alikuwa mkuu wa chuo, na mwaka 1879 wakatoa pamoja kitabu cha uchumi wa viwanda. Baada ya kufundisha Oxford kwa muda mfupi, alirudi Cambridge mwaka 1885 akiwa profesa, na akashika nafasi hiyo hadi 1908.

Kitabu chake kikuu, Principles of Economics, kilitoka mwaka 1890. Kabla yake, wataalamu walibishana: je, bei huamuliwa na gharama za mzalishaji au na hamu ya mnunuzi? Marshall alisema ni sawa na kuuliza ni upande upi wa mkasi unaokata karatasi. Jibu hutegemea muda tunaouzungumzia, na hapa alitumia mfano wa samaki.

Fikiria ugonjwa wa ng'ombe umezuka na watu wanaogopa nyama. Wote wanataka samaki. Siku ile sokoni samaki ni wale wale waliovuliwa alfajiri, kwa hiyo bei hupanda tu. Katika muda mfupi, mashua zilizopo hutoka mara nyingi zaidi, nyavu kuukuu hushonwa na mabaharia wa kazi nyingine huajiriwa. Katika muda mrefu, mashua mpya huundwa na vijana hujifunza uvuvi.

Tuweke tarakimu. Tuchukulie wastani wa gharama ya kilo moja, pamoja na faida ya kawaida ya mvuvi, ni shilingi 5, na bei imefika shilingi 8. Kuna faida ya ziada ya shilingi 3. Kwa kuwa hakuna kizuizi cha kuingia, wavuvi wapya huja. Ugavi huongezeka, bei hushuka, na wageni huendelea kuja mpaka faida ya ziada imalizike. Bei ikishuka chini ya gharama, baadhi huuza mashua na kuondoka, ugavi hupungua na bei hupanda tena. Lakini je, bei itarudi shilingi 5 kamili? Itarudi ikiwa gharama hazikubadilika. Samaki wakipungua baharini na kila mashua ikalazimika kwenda mbali zaidi, bei mpya ya muda mrefu itakuwa juu ya ile ya zamani.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Huandika kwamba muda mrefu ni miaka mitano au kumi. Sivyo. Ni muda unaotosha kwa kampuni kubadili vitu vyote vya uzalishaji, na kwa kampuni nyingine kuingia au kutoka. Kwa muuza maandazi unaweza kuwa wiki chache. Kwa mwenye reli ni miaka mingi. Kosa la pili ni kuandika kwamba kampuni hubaki bila faida yoyote. Hubaki na faida ya kawaida, ambayo imo ndani ya gharama. Kumbuka pia kwamba umbo la ushindani kamili unalolichora kwenye mtihani lilikamilishwa na wachumi waliomfuata Marshall. Yeye mwenyewe aliifananisha sekta na msitu: miti mmoja mmoja huchipua, huzeeka na kuanguka, huku msitu ukibaki.

Hakuwa mtu asiye na dosari. Miaka ya 1896 na 1897, Cambridge ilipojadili kuwapa wanawake shahada, alipinga, ingawa mkewe alikuwa mwalimu na mwandishi mwenzake. Alifariki Cambridge tarehe 13 Julai 1924. Vitabu vyake vilikwenda chuo kikuu, na Mary akavitunza maktabani hadi alipokuwa na umri wa miaka 87. Mary alifariki mwaka 1944. Cambridge ilianza kuwapa wanawake shahada kamili mwaka 1948.