Jack Kirby, askari aliyechora mama wa kufundisha watoto vita

Mwaka 1971, ndani ya kitabu kidogo cha michoro kilichouzwa Marekani, kulitokea mama mmoja mzee, mnene, mwenye nywele nyeupe. Jina lake ni Granny Goodness, sawa vile mtu angesema Koko Wema. Kazi yake ni kuchunga nyumba ya mayatima katika dunia ya moto na moshi inayoitwa Apokolips. Ila nyumba ile si ya kulea. Mtoto anaingia akiwa mdogo, anapigwa, ananyanganywa mawazo yake, na siku ya kutoka anatoka askari wa Darkseid, mkubwa wa vita anayetaka kutawala kila kitu chenye uhai. Na wakati huyu mama anawatesa, anawaita watoto wake na kuwahakikishia kwamba anawapenda.

Mtu anayesoma habari hii akiwa Kivu ao Ituri anajua jina tunalowapa watoto wa namna hiyo: kadogo. Lakini aliyemchora yule mama alikuwa mtu wa New York, aliyekufa zamani, na mambo ya vita aliyajua kwa macho yake.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa nane 1917 kwa jina la Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Ulaya, upande wa Austria, na baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha kushona nguo. Waliishi Lower East Side, mtaa wa wahamiaji maskini, nyumba zimebanana, watu wamejaa. Vijana wa barabara moja walipigana na wa barabara nyingine kwa mawe na ngumi, na Jacob alikuwa ndani. Kuchora alijifunza mwenyewe. Alipelekwa shule kubwa ya ufundi wa michoro, Pratt, lakini hakumaliza hata muda mfupi, akatoka. Kisha alipata kazi katika kampuni iliyotengeneza filme za michoro za Popeye. Ile kazi aliiona kama kiwanda cha baba yake: watu wamepangwa kwenye meza, kila mmoja anafanya kipande chake. Akaiacha.

Jina la Jack Kirby alilichukua akiwa kijana mchoraji. Pamoja na mwenzake Joe Simon walibuni Captain America, na kitabu cha kwanza kilianza kuuzwa mwishoni mwa 1940. Juu ya jalada yule shujaa anampiga Hitler ngumi ya uso. Tukumbuke kwamba Marekani iliingia vitani mwezi wa kumi na mbili 1941, karibu mwaka mzima nyuma yake. Kulikuwa Wamarekani waliompenda Hitler, na vitisho vilifika mpaka kwenye ofisi ya wachoraji. Kitabu kiliuzwa sana. Simon na Kirby walikuwa wameahidiwa sehemu ya faida, lakini hawakuridhika na hesabu walizoonyeshwa, na kabla mwaka 1941 kuisha walikwenda kufanya kazi kwa washindani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Haikuwa ya mwisho.

Mwezi wa tano 1942 alimuoa Rosalind Goldstein, ambaye watu walimuita Roz. Mwaka uliofuata akaitwa jeshini.

Kirby alishuka Ufaransa, pwani ya Normandie, mwezi wa nane 1944, akiwa askari wa kawaida wa miguu katika jeshi la jenerali Patton. Inasimuliwa kwamba mkubwa wake mmoja, alipojua huyu ndiye mchoraji wa Captain America, alimpa kazi ya kutangulia mbele na kuchora ramani ya mahali adui alipo. Sifa ya kalamu ikamtia karibu zaidi na kifo! Kikosi chake kilipigana upande wa Metz, kwenye mto Moselle, na wengi walikufa pale. Baridi ilipofika, miguu yake iliganda na waganga waliogopa kwamba itabidi ikatwe. Alipona, akarudishwa kwao 1945. Watu wa nyumba yake wanajua kwamba ndoto za vita hazikumuacha miaka mingi.

Miaka iliyofuata alichora kila aina ya hadisi, hata za mapenzi. Lakini miaka ya 1960 njo ilimfanya jina kubwa. Katika kampuni ya Marvel, yeye na mwandishi Stan Lee walitoa Fantastic Four mwaka 1961, kisha Hulk, Thor, X-Men, na mwaka 1966 Black Panther, mfalme mweusi wa Wakanda. Nani kati yao wawili alibuni nini, mabishano hayajaisha mpaka leo. Jambo moja halina mabishano: Kirby alilipwa kwa ukurasa. Ukurasa ukiisha, franga zinaisha. Kampuni ikipanda, yeye anabaki na kiti chake na meza yake, akichora mpaka usiku ili watoto wake wanne wale.

Mwaka 1970 alihama, akaenda DC, na huko akaanza kazi aliyoipenda kuliko zote: hadisi moja kubwa iliyogawanywa katika vitabu mbalimbali, juu ya dunia mbili zinazopigana. Upande wa uovu ni Darkseid. Anayemtazama Darkseid anaona dikteta wa Ulaya aliyepelekwa kati ya nyota. Lakini Kirby alielewa kwamba dikteta hatawali peke yake. Anahitaji mtu wa kumtengenezea maaskari, tena tangu wakiwa wadogo, kabla hawajajua kukataa. Njo hapo Koko Wema anaingia. Hana sura ya kutisha ya jini. Ana sura ya mtu ambaye mama anaweza kumuachia mtoto, na labda juu ya hiyo anatisha kuliko bosi wake.

Ndani ya hadisi, amani kati ya dunia zile mbili ilinunuliwa kwa watoto: kila mkubwa alimtoa kijana wake kwa adui. Mtoto wa upande wa wema akaangukia mikononi mwa yule mama. Alikua kwa mateso, lakini hakuvunjika. Akatoroka, akawa Mister Miracle, mtu ambaye hakuna kamba wala gereza linaloweza kumshika. Nyuma yake akatoka pia Barda, msichana mrefu mwenye nguvu, kiongozi wa kikosi cha wanawake ambacho yule mama alikuwa amekifundisha kuua. Barda alikuwa fahari ya ile nyumba, na akaiacha. Kirby alimpa Barda roho ya bibi yake Roz, mwanamke aliyejua kumtetea mume wake mbele ya mtu yeyote.

Wauzaji hawakuridhika na mauzo. Mwaka 1972 vitabu viwili vya ile hadisi vilisimamishwa, na cha Mister Miracle kilifuata 1974. Katika toleo la mwisho Kirby aliwaozesha Mister Miracle na Barda. Hadisi yenyewe hakupewa nafasi ya kuimaliza namna alivyotaka. Waandishi wengine waliichukua. Mmoja wao aliongeza kwamba Koko Wema mwenyewe alikuwa askari aliyelazimishwa kufundisha mbwa, akampenda, na mwisho akamuua kwa mkono wake mbele ya Darkseid.

Kirby alirudi Marvel kwa muda, kisha akaacha vitabu na kufanya kazi ya filme za michoro za televisheni, ambako kwa mara ya kwanza alipata mshahara mzuri na matibabu. Lakini karatasi alizochora kwa mkono wake, maelfu na maelfu, zilibaki kwa kampuni. Miaka ya 1980 Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji karatasi zao. Wengine walitia sahihi kwenye ukurasa mmoja. Yeye aliletewa kurasa nne za masharti, na aliahidiwa karatasi 88 tu. Alikataa. Wachoraji wenzake walisimama pamoja naye hadharani, na mwaka 1987 alipata karibu 2,000. Zingine nyingi zilikuwa zimekwisha kuibwa na kuuzwa.

DC ilimtendea tofauti kidogo. Katikati ya miaka ya 1980 ilimuomba achore upya watu wa Apokolips kwa ajili ya vichezeo vya watoto, na kwa njia hiyo akaanza kupata asilimia yake. Darkseid, yule mnyanganyi wa dunia zote, akamletea mzee wake franga.

Alikufa tarehe 6 mwezi wa pili 1994 nyumbani kwake Thousand Oaks, California, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 76. Roz alimfuata 1997. Watoto wao walishindana na Marvel mbele ya sheria, na mwezi wa tisa 2014, kesi ikiwa imebisha hodi kwenye korti kuu ya Marekani, pande mbili zilisikilizana. Tangu hapo jina la Jack Kirby linaandikwa katika vitabu na filme za mashujaa wale, pembeni ya jina la Stan Lee.