Bose, msomi aliyechunguza mawimbi kwa bati na gunia

MAFUNDI wa jua kali wanaogonga bati tangu alfajiri pale Kamukunji na Shauri Moyo, mtaani Eastlands, wangeelewana haraka na Jagadish Chandra Bose. Vifaa alivyotumia kuchunguza mawimbi ya maikrowevu katika mwongo wa 1890 alivitengeneza kwa msaada wa fundi mmoja wa bati, mtu ambaye hakuwa na mafunzo yoyote ya kazi hiyo ya maabara.

Bose alizaliwa Novemba 30, 1858, huko Mymensingh, eneo la Bengal ambalo sasa limo nchini Bangladesh. Babake alikuwa naibu hakimu katika serikali ya Waingereza, lakini alikataa kumtia mwanawe moja kwa moja katika shule ya Kiingereza. Alitaka aanze kwa Kibengali, akiketi darasani na mwana wa mvuvi na mwana wa mtumishi wao Mwislamu.

Mnamo 1880 alisafiri hadi London kusomea udaktari. Maradhi yakamkatiza, akahamia Cambridge, ambako miongoni mwa walimu wake alikuwa mwanafizikia Lord Rayleigh.

Aliporejea mwaka wa 1885 aliajiriwa kufundisha Presidency College, jijini Calcutta, Kolkata ya leo. Yaliyomkuta huko yangetambuliwa na makarani Waafrika wa reli na wa baraza la mji waliokaa Makongeni na Kaloleni enzi za ukoloni: mshahara ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Kwa kazi ile ile, Mhindi alilipwa theluthi mbili ya malipo ya Mzungu, na kwa kuwa Bose alikuwa kaimu tu, alipewa nusu ya hizo theluthi mbili.

Hakugoma. Aliingia darasani kila siku na kufundisha, ila mshahara hakuupokea kwa miaka mitatu, ilhali babake alikuwa na madeni. Mwishowe wakuu walisalimu amri, wakamlipa mshahara kamili pamoja na malimbikizo yote.

Maabara yake ilikuwa kijumba kilichopakana na bafu. Mawimbi aliyoyagundua Mjerumani Heinrich Hertz yalikuwa marefu mno kwa meza ya maabara, hivyo Bose akayafupisha hadi takriban milimita tano. Mwaka wa 1895, mbele ya hadhara mjini Calcutta, mawimbi hayo yalipenya kuta, yakaliza kengele na kulipua baruti upande wa pili. Januari 1897 alialikwa kuyaeleza katika Royal Institution, London.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kuokoteza. Alisokota nyuzi za juti, zile zishonwazo magunia, kuonyesha jinsi wimbi linavyogeuzwa upande. Alichukua kitabu cha ratiba za treni, akapachika karatasi nyembamba za bati kati ya kurasa, kikawa chujio la mawimbi.

Kwa maoni yangu, ubunifu wake mkubwa ulikuwa mdogo zaidi kwa macho. Bati hurudisha mawimbi, jambo analolijua kila mkaazi wa nyumba ya mabati ambaye hulazimika kusogea mlangoni ili simu ishike. Ndani ya mirija ya Bose mawimbi yaliyopotea njia yaliruka huku na huko na kuharibu vipimo. Alihitaji kitu cha kuyameza. Akatumia karatasi ya kunyonyea wino, iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme.

Kazi ya karatasi ile sasa inatafutiwa kifaa chepesi zaidi: erojeli ya kaboni. Erojeli ilibuniwa na Mmarekani Samuel Kistler mwaka wa 1931, na ile ya kaboni ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni mfano wa kipande cha makaa ambacho karibu chote ni hewa. Kaboni ikishikamana kama bamba hurudisha mawimbi jinsi bati lifanyavyo. Ikitawanywa katika vitundu visivyoonekana kwa macho, wimbi huingia, likagonga kuta nyingi ndogo na kuishia kuwa joto. Watengenezaji wa ndege zinazokwepa rada na wa vyombo vya simu wanaitamani kwa sababu haina uzito wa kutajika.

Bose hakupenda kuuza uvumbuzi wake. Marafiki walimsukuma hadi akapata hataza ya Marekani ya kipokezi cha mawimbi mwaka wa 1904, kisha akaiacha ipitwe na muda. Wakati huo alikuwa amekwisha kugeukia mimea, akipima jinsi inavyokua na inavyoitikia inapoguswa. Novemba 30, 1917, siku alipotimiza miaka 59, alifungua taasisi yake ya utafiti mjini Calcutta.

Alifariki Novemba 23, 1937, mjini Giridih, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 79. Vifaa vyake vya mawimbi vimehifadhiwa katika taasisi hiyo.