Mwenda Jean Bosco: gita iliyotangaza dawa ya kichwa

Goma, mtangazaji akisimama mbele ya butiki na mikro, muziki ndio unaita wateja kwanza. Bei inafuata. Kazi hiyo si ya leo: Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya kule Katanga, aliifanya zamani redioni.

Alizaliwa mwaka 1930, akaishi miaka mingi Lubumbashi. Alikuwa pia na kazi ya benki. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Wimbo wake Masanga ukavuka mipaka. Alipiga gita peke yake, lakini ilisikika kama ya watu wawili.

Mwisho wa miaka ya 1950 alienda Nairobi. Wenye dawa ya kichwa Aspro wakamchukua kwa matangazo yao. Kwa nini yeye? Juu watu walimjua tayari, na aliimba Kiswahili. Aliyempenda Bosco aliisikiliza na dawa. Hapo msanii anaweka jina lake rehani: bidhaa ikiwa mbaya, wanamuuliza yeye.

Jina la Bosco halikuharibika. Vijana wa Kenya waliiga vidole vyake, na mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwaka 1990 alikufa katika ajali ya gari huko Zambia. Matangazo yale yalikwisha zamani. Masanga, wapiga gita wangali wanajifunza.