Dorothea Lange: Aliomba maji kabla ya kupiga picha

Unapenda kupiga watu picha mtaani? Basi kuna mama mmoja Mmarekani unayefaa kumjua, japo alifariki kitambo, mwaka wa 1965. Anaitwa Dorothea Lange.

Alizaliwa 1895 mjini Hoboken, New Jersey. Akiwa na miaka 7 aliugua polio, akabaki akichechemea maisha yake yote. Mwaka wa 1919 alifungua studio San Francisco, wateja wake wakawa matajiri. Pesa ilikuwa inaingia vizuri tu.

Kisha uchumi wa Marekani ukaporomoka. Kutoka dirishani, Lange aliwaona wanaume wasio na kazi wakirandaranda. Akashuka na kamera yake. Kuanzia 1935, serikali ilimtuma kupiga picha za wakulima waliopoteza mashamba na vibarua waliohamahama wakisaka kazi.

Hebu fikiria. Una njaa, unalala kwenye hema, halafu mgeni anatokea na kamera kubwa. Si utamfukuza?

Lange hakuwa na haraka. Alitembea polepole ili watu wamwone kwanza. Aliamini kuwa mguu wake uliwafanya wamchukue kama mtu ambaye pia ameonja shida. Alijieleza kabla ya kuwauliza chochote. Wakati mwingine aliomba maji, akayanywa taratibu huku wakizoeana. Watoto wakitaka kushikashika kamera, aliwaacha tu. Baadaye aliandika waliyomwambia, yaende pamoja na picha.

Lakini siku moja alikimbia. Ilikuwa Machi 1936, akirudi nyumbani akiwa amechoka. Alipita kambi ya wachuma minji huko Nipomo, California, ambako baridi kali ilikuwa imeharibu mimea. Aliendesha kama kilomita 30 hivi, roho ikakataa, akageuza gari. Akamkuta mama wa miaka 32 na watoto wake, akapiga picha chache kwa dakika kama 10, akaenda zake. Jina hakuuliza.

Habari zilipotoka gazetini, serikali ilipeleka chakula kambini. Mama huyo alikuwa ameshahama. Picha yake, Migrant Mother, ikajulikana dunia nzima, yeye mwenyewe akibaki bila jina hadi 1978: Florence Owens Thompson. Alilalamika kuwa hakupata hata senti, na kwamba hakuna aliyemuuliza anaitwa nani.

Kuhusu pesa, hata Lange hakupata malipo ya ziada, maana picha ilikuwa mali ya serikali. Lakini jina lingemgharimu nini? Dakika moja tu, na yeye alijua vizuri kuliko wengi jinsi ya kuitumia.

Kwa hivyo ukimwona mama mboga au mtu wa mkokoteni mwenye sura ya kupendeza, acha simu mfukoni kwanza. Msalimie, jitambulishe, muulize jina na kama picha hiyo unaweza kuiposti. Akikataa, nunua sukuma wiki uende zako.